Siku Mchwa Walipouacha Ukuta

Ngano na ije!
— Na ije, tumeinyamazia!
Inatoka wapi?
— Inatoka kwa waliotutangulia!
Inakwenda wapi?
— Inakuja kwetu!

Haya, sogeeni. Somoe, hiyo simu igeuze kifudifudi, haiwezi kuota moto pamoja na sisi. Sisi wakati wetu hatukuwa na cha kutazama jioni isipokuwa moto na uso wa bibi yangu, na uso wenyewe, Mungu anisamehe, haukuwa wa kutazama sana. Lakini sauti yake! Mpaka leo naisikia. Ngano hii ni yake. Mimi nimeitia chumvi kidogo tu.

Hapo kale, kale ya mvua zilizojua miezi yake, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Ndani yake waliishi mchwa. Katikati kabisa alikaa Mama yao, Malkia, akitaga mayai asubuhi, akitaga mchana, akitaga jioni. Wafanyakazi walileta majani makavu, walilima uyoga, walipiga udongo. Na pembezoni walisimama askari, wenye vichwa vikubwa vyekundu na mataya kama mkasi wa fundi cherehani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ngano ilipokaa. Askari wa mchwa hajui kula.

Mnacheka? Ni kweli. Mataya yale ni ya kukatia adui, hayawezi kutafuna hata unyasi. Kwa hiyo kila askari alikuwa na dada yake mfanyakazi. Dada ndiye anayetafuna, ndiye anayebeba chakula kinywani, ndiye anayemfuata kaka alipo na kumtilia mdomoni. Askari bila dada ni mkasi uliotupwa.

Jemadari wao aliitwa Taya. Dada aliyemlisha aliitwa Mwanatope, na Mwanatope huyo alikuwa na maneno mengi kuliko mvua ya masika.

"Fungua kinywa, kaka."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini, upepo? Fungua."

Naye Taya, anayeogopwa na siafu wa kila upande, anafungua kinywa.

Askari hao walikuwa na amri moja, waliyoikuta, waliyozaliwa nayo. Kila asubuhi Jemadari aliiita, nao wakaitikia:

Ukuta ni wetu?
— Ni wetu!
Mlango ni wetu?
— Ni wetu!
Nyuma tunakwenda?
— Hatuendi!

Na ilikuwa amri nzuri, msiidharau. Siafu walipokuja miaka ile ya neema, walikuta askari wamejipanga ukuta wa nje, mzima mzima. Siafu wakitoboa hapa, wafanyakazi wanafika na matope mabichi, fap, fap, fap, tundu limezibwa. Wakitoboa pale, fap, fap, fap. Chakula kilikuwa karibu, maji yalikuwa karibu. Siafu walichoka, wakaenda zao wakitukana. Jioni kichuguu kizima kilinukia udongo mbichi na uyoga, na askari wakapigapiga vichwa vyao ukutani kwa furaha, ko, ko, ko, kama ngoma ya harusi ya jirani.

Taya alizaliwa chumba cha ubavuni mwa ukuta wa mashariki. Harufu ya kwanza aliyoijua duniani ni ya ukuta ule umelowa. Aliupenda jinsi ninyi mnavyopenda nyumba hii, ingawa hamsemi.

Kisha mvua ikakosa kuja.

Ikakosa mara ya kwanza, wakasema itakuja. Ikakosa mara ya pili, wakasema imechelewa. Ikakosa mara ya tatu, wakanyamaza. Mimi nimeuona mwaka wa namna hiyo mara moja, tukala ming'oko, mizizi ile ya porini, mpaka nikaota ming'oko. Uyoga ulipotea, nasi watoto tukasahau ladha yake.

Ndani ya kichuguu wachota maji walishuka visimani, chini, chini, chini kabisa, wakapanda na unyevu wa kulowesha ulimi tu. Udongo ukawa vumbi. Majani yakawa machache. Nao siafu, ambao njaa haikuwasahau, wakaanza kunusanusa.

Wakaja mara ya kwanza. Askari wakasimama ukutani. "Nyuma tunakwenda?" "Hatuendi!" Siafu wakatoboa, wafanyakazi wakaja mbio na vumbi, wakabandika, vumbi likamwagika. Wakabandika tena, likamwagika tena. Askari wakajaza tundu kwa miili yao. Siafu walirudi, lakini upande wa kaskazini vyumba vingi vilibaki kimya.

Mzee Pembe, askari mkongwe kuliko wote, akasema, "Tulikuwa wachache ukutani. Waongezwe."

Taya akawaongeza.

Siafu wakaja mara ya pili. Ukuta ulijaa askari, kichwa kwa kichwa. "Nyuma tunakwenda?" "Hatuendi!" Na kweli hawakwenda. Siku ile walikufa wengi kuliko siku ya kwanza, na siafu walifika hadi ghala la majani kabla ya kurudi.

Vita ilipotulia, Taya akapita katikati ya maiti. Mchwa wale hawana macho, wanaona kwa vipapasio. Akampapasa askari wa kwanza: hana jeraha. Akampapasa wa pili: hana jeraha. Akampapasa wa tatu: hana jeraha. Akastaajabu. Akarudi kwa njia ndefu inayotoka ukutani kwenda katikati, na huko njiani akawakuta akina dada. Walikuwa wamelala chini, wamekauka, na vinywani mwao chakula bado kipo. Walikuwa wakiwapelekea kaka zao. Njia ilikuwa ndefu, hakuna maji, hawakufika.

Taya akakaa chini pale pale njiani.

Mwanatope akamkuta hapo. "Fungua kinywa, kaka."

"Dada, unatoka wapi mpaka unifikie pale ukutani?"

"Katikati, kwenye uyoga. Zamani palikuwa na ghala karibu yako, sasa halipo. Natembea, napumzika, natembea, namkuta mwenzangu amelala, namruka, natembea. Fungua."

"Kumbe siafu hawakutuua sisi. Ni njaa."

"Nimekwambia fungua, mambo ya kumbe utayasema ukishameza."

Akala. Kisha akaita baraza.

Akasema, "Tunauacha ukuta."

Kelele zikapanda. Mzee Pembe akasogea mbele, kichwa chake kikitetemeka kwa hasira. "Jemadari, askari waliotutangulia walisimama pale!"

"Walisimama, mzee wangu. Walisimama na matope mabichi nyuma yao, na chakula ubavuni mwao. Sisi tumebakiwa na kusimama tu."

"Wewe umeogopa."

Neno lile halikuwa limewahi kutamkwa kwenye kichuguu kile. Taya aliumia, tena sana. Angeweza kumkata mzee yule vipande viwili. Hakumkata.

"Nimeogopa," akasema. "Naogopa siafu wakija mara ya tatu hatutabaki na mtu wa kusimama popote. Twende kwa Mama."

Wakaenda kwa Mama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mnanuka ugomvi?"

Taya akamweleza yote. Mama aliendelea kutaga, maana yeye hata akiwa na huzuni anataga. Kisha akasema:

"Ukuta ule niliuanza mimi na baba yenu. Tulikuwa wawili tu. Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha, dunia yote imejaa kumbikumbi, na mimi nilikuwa na mabawa, ninyi hamtasadiki. Tuliruka, tukaanguka, tukayakata mabawa, tukachimba. Tonge la kwanza la ukuta nililiweka kwa mate yangu mwenyewe. Baba yenu akaniambia, limekaa upande. Tukacheka usiku kucha." Akataga yai jingine. "Ule ukuta nikiuwaza najiona msichana."

Pembe akasema, "Basi, Jemadari, umesikia."

"Sijamaliza, Pembe. Ukuta hautagi mayai, baba. Mimi ndiye ninayetaga. Uacheni. Ila mniletee kipande chake kidogo nikae nacho hapa."

Wakatoka. Walipofika kwenye njia panda Mzee Pembe akasimama, akasema, "Sikubaliani na wewe hata kidogo. Haya, nisimame wapi?"

Nawaambieni, wajukuu zangu, nikipewa rafiki mmoja kati ya walio kwenye ngano hii, nitamchukua Pembe.

Taya akapanga mambo upya. Kwanza, vyumba vya nje vyote vihamwe, majani, uyoga na mayai yapelekwe ndani. Pili, askari wasimame kwenye vinjia vyembamba vya ndani, pale ambapo kichwa kimoja kinaziba njia nzima, na nyuma ya kila askari wakae wenzake wa kumpokea, na nyuma yao akina dada na chakula. Hakuna dada atakayetembea zaidi ya hatua chache. Tatu, mapaa ya vyumba vya nje yatobolewe.

"Yatobolewe?" wakauliza wote. "Na nani?"

"Na sisi wenyewe. Siafu haogopi mchwa. Siafu anaogopa jua."

Wakahama. Wakajifunza amri mpya, na ndimi zao zikajikwaa:

Ukuta ni wetu?
— Ulikuwa wetu!
Mama ni wetu?
— Ni wetu!
Nyuma tunakwenda?
— Tunakwenda, tunakula, tunarudi!

Wengine waliona aibu kuitamka, wakaisema chinichini. Pembe aliisema kwa sauti kubwa kuliko wote, akiwa amekasirika.

Ukuta wa mashariki Taya alikwenda kuutoboa mwenyewe. Alimkatia Mama kipande, akampa mfanyakazi akipeleke. Kisha akapandisha mataya yake kwenye paa la chumba alichozaliwa, akauma, akauma, akauma, na jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia.

Mwanatope alikuwa nyuma yake. "Unalia, kaka?"

"Mchwa hana macho, dada. Nitalia na nini?"

"Basi mbona kichwa kinatetemeka?"

Taya akauma tena.

Ngano na ije!
— Na ije!
Mko macho?
— Tupo!
Chilumba yuko macho?
— Anajikaza!

Siafu wakaja mara ya tatu. Walikuja alfajiri, mto mweusi, na mbele yao Sultani wao. Wakafika ukutani: hakuna mtu. Wakaingia chumba cha kwanza. "Askari wako wapi?" Kimya. Wakaingia chumba cha pili. "Askari wako wapi?" Kimya. Wakaingia chumba cha tatu. "Chakula kiko wapi?" Kimya.

Sultani Siafu akacheka. "Wamekimbia! Ingieni wote!"

Wakaingia wote, vyumba vikajaa pomoni. Wa mbele wakaikuta njia nyembamba, na ndani ya njia hiyo kichwa. Wakaikuta nyingine: kichwa. Nyingine: kichwa, tena hicho kilikuwa cha Pembe, na kilikuwa kinatukana. Kila siafu aliyesogea alikatwa. Askari akichoka anasema, "Nimechoka!" Wanamwambia, "Pita nyuma, ule!" Mwenzake anaingia, dada anamtilia mdomoni yule aliyechoka, anapumua, anarudi. Mambo yalikwenda hivyo tangu jua linachungulia.

Na jua likapanda. Likaingia kwa yale matundu, likawapiga siafu mgongoni. Nyuma wanaungua, mbele wanakatwa, na kurudi hawawezi maana wenzao bado wanaingia.

Lakini palikuwa na mlango mmoja mpana, mlango wa kwenda kwa Mama, uliopanuliwa miaka ya neema ili wabeba mayai wapishane. Kichwa kimoja hakikuuziba. Hapo alisimama Taya na wenzake. Siafu walipoona huku kwingine hakupitiki, wakamiminika hapo. Mwenzake wa kulia akaanguka. Wa kushoto akaanguka. Nyuma wafanyakazi walikuwa wakijenga ukuta wa kuuziba mlango, wakichanganya vumbi na mate, mpaka mate yakawaishia. Ukuta ukasimama ukiwa na tundu moja.

Mwanatope akaja. Kinywani alikuwa na tonge la uyoga lililoloweshwa kwa maji ya mwisho ya kisima. Alikuwa amemwekea kaka yake tangu asubuhi.

"Fungua kinywa, kaka."

"Dada, tundu limebaki kiasi gani?"

"Kiasi cha kichwa chako. Fungua."

"Na hapo kinywani tonge lina maji?"

"Lina maji. Ni lako. Fungua!"

"Libandike ukutani."

"Nikilibandika utabaki nje."

"Libandike."

"Hujala tangu jana, Taya! Utasimama na nini?"

"Dada yangu, umenilisha maisha yangu yote. Leo walishe hao walio nyuma yako."

Mwanatope, mwenye maneno mengi kuliko mvua ya masika, alitafuta neno akalikosa. Akalichanganya tonge na vumbi. Akabandika, fap. Akabandika, fap. Akabandika, fap. Tundu likazibika.

Akaegemea ukuta. Kwa upande wa pili akasikia kaka yake akigonga kwa kichwa: ko, ko, ko. Maana yake: nipo. Naye akagonga: ko, ko, ko. Kukawa na mapigano, kisha tena: ko, ko, ko. Naye akajibu. Wafanyakazi walimwambia apumzike. Hakuondoka.

Jua lilipofika utosini, Mwanatope aligonga, na upande wa pili hapakujibiwa. Akagonga tena. Akagonga tena.

Punde ukasikika mchakacho wa miguu mingi ikirudi nyuma. Siafu walikuwa wameshindwa na jua. Waliosalimika walitoka kwa kukanyagana, Sultani wao hakuonekana tena, na kichuguu kile hawakukisogelea.

Wakalizibua tundu. Taya alikuwa amesimama palepale, mataya yamefumba, na mbele yake rundo la siafu. Hakuna aliyepita.

Mwanatope akawasukuma wote pembeni. Akampapasa kaka yake taratibu, kichwani, kifuani, miguuni. Alimkuta na jeraha. Akakuta la pili. Akakuta la tatu, na mengine mengi. Akayapitia yote moja moja, akashukuru kwa sauti. Wenzake wakafikiri amerukwa na akili kwa huzuni. Hawakujua kwamba alikuwa ameogopa kumkuta hana jeraha, kama wale waliokufa njaa.

...

Bibi yangu alipofika hapa alikuwa anachochea moto bila sababu, ili tusimwone macho. Natamani ningejua wakati ule alikuwa anamkumbuka nani. Sikumuuliza.

Mvua ilikuja mwaka uliofuata. Uyoga ukaota, ukuta wa nje ukajengwa upya, na askari wakarudi kusimama huko, maana siku za neema pale ndipo mahali pazuri pa kusimama. Ila Mzee Pembe, aliyewafundisha askari wachanga mpaka alipokufa, aliwafundisha amri zote mbili, na kila mara aliwauliza kabla ya vita: "Leo kuna matope? Leo dada zenu wako karibu?" Wakijua kujibu, walijua wasimame wapi.

Na wafanyakazi walipotaka kuubomoa ule ukuta wa mlangoni kwa Mama ili mlango uwe mpana kama zamani, Mwanatope alisimama mbele yake, hakutoka. Siku ya kwanza wakarudi. Siku ya pili wakarudi. Siku ya tatu wakachimba njia nyingine ya kuuzunguka. Ndiyo maana mpaka leo ukikichimbua kichuguu, njia ya kwenda kwa malkia haiendi moja kwa moja. Inafika mahali, inapinda, inapita taratibu pembeni.

Mafunzo ya ngano: amri iliyotungwa siku za mvua, kiangazi kikija itazamwe upya, na anayeitazama upya asiitwe mwoga. Jeshi huwalinda walio ndani, haliulindi udongo. Na ukimpenda mtu, mpelekee chakula mapema, angali anaweza kula.

Ngano nimeitua, mzigo si wangu tena, gawaneni. Aliyesinzia katikati nimemwona, na yeye ndiye atakayefagia jikoni kesho. Usijifanye kukohoa, Chilumba.